Sakafu ya Kiponda

Siku aliyopewa ufunguo, Mwanapili alipanda ngazi za nyumba ile ya Kiponda mara nne. Mara ya kwanza alikwenda kuviona vyumba. Mara ya pili alikwenda kuhakikisha kama bado vipo. Mara ya tatu alikuwa ameisahau kanga yake huko juu, na aliisahau makusudi. Mara ya nne alisimama katikati ya chumba kikubwa akaita, "Mchaaa!" ili tu asikie jina la mumewe linavyozunguka ukutani na kurudi.

"Nipo nyuma yako," akasema Mcha, amebeba godoro kichwani, jasho linamtiririka. "Unanitafuta wapi?"

Ulikuwa mwaka wa sitini na nane. Walikotoka, Ng'ambo, walikaa nyumba ya udongo na makuti ambayo Mcha, fundi wa baskeli, mtu mrefu, alikuwa akiinama kuingia na akiinama kutoka. Leo afisi ya nyumba imewapa vyumba viwili na jiko, ghorofa ya juu kabisa, madirisha marefu kuliko Mcha mwenyewe. Mwanapili alicheka, akalia kidogo, akacheka tena.

Nyumba ilikuwa na wapangaji wa namna tatu. Ghorofa ya kati walikaa Silima, kuli wa bandarini, na mkewe Mize, mama wa watoto watano na mwenye ulimi usiolala. Chini, karibu na kisima cha uwani, alikaa Bi Tamima. Zamani nyumba nzima ilikuwa ya mumewe, marehemu Hamoud. Tangu Mapinduzi ilikuwa ya serikali, wanawe walikwishakwenda Mombasa na Dubai, naye alibaki na vyumba viwili, akilipa kodi kama wenziwe. Ukimsalimia "Shikamoo, Bi Tamima" hujibu "Marahaba" bila ya kukutazama, kama mtu anayejibu redio.

Lakini Mwanapili hakushughulika sana na Bi Tamima, kwa sababu alikuwa amegundua sakafu ya juu. Ukipanda kingazi cha mwisho unatokea nje, kwenye uwanja mweupe usio na paa, umezungushiwa ukuta wa kufika kiunoni. Kutoka pale uliiona minara, mabati yenye kutu, bahari upande huu na Ng'ambo yote upande ule, makuti juu ya makuti. Upepo ulikuwa wake peke yake. Asubuhi ya pili tu alimwambia Mcha akipandishe kinu.

Mama yake, Bi Mwatum, alikuwa na kipande cha shamba Mpendae na humtumia mpunga. Basi Mwanapili akawa anatwanga juu ya mji. Akiinua mchi anaona meli. Akiushusha, nyumba inaitikia, du! du! du! Alijiona kama malkia.

Siku ya tatu sauti ilipanda kutoka uwani.

"Nani huyo anayenivunjia nyumba?"

Mwanapili aliinama ukutani akatazama chini. Bi Tamima alikuwa amesimama kando ya kisima, kichwa amekiinua, mkono umekinga jua.

"Nyumba ya nani, Bi Tamima?" aliuliza.

Mize, aliyekuwa akifua, aliacha kufua. Bi Tamima aliingia ndani, pazia likaanguka nyuma yake. Mwanapili alirudi kwenye kinu chake na siku ile alitwanga kwa nguvu zaidi, na jioni alimhadithia Mcha, naye Mcha hakucheka kama alivyotarajia.

*

Mvua za vuli zilipofika, chumba kikubwa kilivuja kama kikapu. Mwanapili alitandaza masufuria, mabeseni, hata bakuli la kulia wali. Siku ya pili maji yalipita ukutani mpaka ghorofa ya kati, na Mize akapanda na mto wa kulalia umeroa chepechepe, akaupachika mlangoni kwa Mwanapili kama bendera.

"Haya! Kwenu kunanyesha, kwangu mafuriko. Mimi sikuhamia mjini kuja kuvua samaki kitandani!"

Mvua ilipopumzika, Mwanapili alipanda juu. Alikisogeza kinu. Chini yake palikuwa na ufa, na kutoka katika ufa ule zilitoka nyufa nyingine, zimetambaa kila upande kama miguu ya buibui. Alichuchumaa, akaingiza kidole. Kiliingia chote. Akakumbuka sauti yake mwenyewe ilivyoshuka uwani: nyumba ya nani? Uso ulimwaka moto.

Hakungoja apoe. Alishuka ngazi zote mpaka chini, akabisha hodi.

"Bi Tamima, nimekuja kukwambia sakafu nimeipasua mimi. Na maneno yale niliyokujibu siku ile hayakuwa maneno. Niwie radhi."

Bi Tamima alikuwa akichambua mchele. Alichambua chembe mbili tatu zaidi, taratibu, kisha akasema, "Miaka kumi na mbili haijatiwa chokaa. Marehemu kila mwaka alikuwa akisema mwakani, mwakani. Mwisho akaondoka yeye, sakafu ikabaki." Akainua macho. "Lakini kinu chako nacho, mwanangu, kimefanya kazi."

Mwanapili hakujua acheke au ainamishe kichwa. Akafanya yote mawili.

Kesho yake alikwenda afisi. Karani aliandika jina lake katika buku kubwa, chini ya majina mengine mengi, akamwambia fundi atakuja baada ya masika.

"Baada ya masika? Si nyumba itakuwa ishaanguka!"

"Ndiyo hivyo, dada. Masika yakipita ndipo tutajua panavuja wapi."

*

Mambo yaligeuka Idi Mosi. Bi Mwatum, ambaye tangu wahamie hakuwahi kukanyaga pale, akisema nyumba za mawe zinamkaba roho, alikuja kutoa mkono wa Idi. Alipanda ngazi akipumua kwa kishindo, akala biriani kidogo, akasikiliza habari za sakafu, kisha akasema, "Hebu nipandishe nikaione."

Juu alivua viatu. Alianza kutembea polepole, akigonga kwa kisigino, kichwa amekiinamisha upande kama anayesikiliza mtu wa chini. Gonga, sikiliza. Gonga, sikiliza.

"Hapa pamekufa," alisema. "Hapa pamekufa. Hapa pazima. Kuanzia hapa mpaka kule kwenye mkondo wa maji, pazima kabisa. Inapigika hii."

"Inapigika vipi, mama?"

"Inabanduliwa palipokufa, inatiwa chokaa mpya, inapigwa kwa vibao mpaka ilie kama jiwe. Sisi tukizipiga hizi. Nlikuwa sijavunja ungo bado. Tulikuwa wanawake thalathini, arubaini, siku tatu juani, na ngoma, na nyimbo."

Mwanapili alimtazama mama yake kama anayemwona leo. "Ulikuwa ukipiga sakafu za mjini? Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza." Bi Mwatum alivaa viatu vyake. "Asubuhi tukipandishwa kwa ngazi ya nyuma, jioni tukiteremshwa hiyo hiyo. Vyumba vyenyewe sijapata kuviingia. Hiki chako ndicho cha kwanza."

"Ilikuwa nyumba hii?"

"Najuaje? Kutoka juu zote zilikuwa sakafu."

Jambo likamwingia Mwanapili mwilini kama ngoma. Jioni ile ile aliwakusanya watu wote uwani. Silima akasema magunia anaweza kuyapandisha yeye, kapi ya kuvutia mizigo anayo na kamba anayo. Mcha akasema tanuu la chokaa analijua, mwenye tanuu ni mteja wake wa baskeli. Mize akasema kupata wanawake si kazi: kwao Ng'ambo ukitaja ngoma tu wanakuja na ambao hawakualikwa. Bi Tamima alikuwa amesimama kwenye kizingiti chake akisikiliza, mpaka Bi Mwatum alipotaja mchanganyiko.

"Chokaa moja, mchanga mmoja, na udongo mwekundu nusu."

"Chokaa mbili," akasema Bi Tamima. "Mchanga mmoja. Udongo mwekundu ndio unaoleta nyufa."

Watu wote waligeuka.

"Udongo ndio unaoshika, bibi," akasema Bi Mwatum kwa adabu, adabu yenye miiba.

"Mimi nimeziona sakafu zikipigwa katika nyumba hii tangu nilipoletwa bibi harusi."

"Ulizionea wapi?"

"Dirishani kwangu."

"Basi," akasema Bi Mwatum, "wewe ulikuwa dirishani. Mimi nlikuwa juani."

Mize aliziba mdomo kwa kanga. Bi Tamima alimkazia macho Bi Mwatum kwa muda mrefu, na ghafla akaanza kucheka, kicheko kikavu cha mtu ambaye hajakitumia siku nyingi. Akacheka mpaka akakohoa, mpaka akashika mlango. Kisha akaingia ndani, wakamsikia akiburura kitu kutoka chini ya ngazi. Alitoka na sanduku la vumbi. Ndani yake mlikuwa na vibao vya mti mgumu, zaidi ya ishirini, vishikio vimelainika kwa viganja vya watu.

Bi Mwatum aliokota kimoja, akakipima mkononi, akakirudisha, akachukua kingine.

"Hiki," alisema. "Haya, lete hiyo chokaa."

*

Chokaa ililala uwani mwezi mzima katika shimo la maji, ikichemka mwanzo kama uji, kisha ikapoa ikawa laini kama siagi. Watoto walikatazwa kuisogelea, na Bi Tamima ndiye aliyekuwa mlinzi, kiti chake kando ya shimo na bakora mapajani. Palipokufa pakabanduliwa, vifusi vikashushwa. Na mwanzo wa Februari, kaskazi bado inapuliza, Silima aliifunga kapi kwenye boriti iliyochomoza juu ya dirisha la Mwanapili na kazi ikaanza.

Ngazi za nyumba zilikuwa nyembamba na zenye kona. Kupanda na vikapu vya chokaa mbichi kungechukua wiki. Basi vilipanda nje. Silima alisimama njiani na makuli wenzake wanne, wakavuta kamba kwa wimbo wa bandarini, na kila kikapu kilipoanza kuning'inia juu ya vichwa vya watu njia nzima ilipiga kelele. Baskeli zilisimama. Muuza kahawa alisimama. Mwanapili, amejifunga kanga kibwebwe, alikuwa dirishani akikidaka kila kikapu kwa mikono miwili na kukivutia ndani, chokaa imemtapakaa mpaka kwenye nyusi.

"Vuta! Vuta! Simama! Kinakwenda ukutani, Silima!"

"Kidake basi, usinipigie makelele!"

"Nshakidaka!"

Kikapu kimoja kilipinduka, kikamwagikia kofia ya mzee aliyekuwa akipita, na Mize akashuka mbio kumwomba radhi. Mzee alipoambiwa kazi yenyewe ni nini alivua kanzu, akabaki na shuka na fulana, akashika kamba.

Asubuhi iliyofuata wanawake walikuja. Mize hakusema uongo. Walivuka Darajani wakiwa kundi, kanga za kila rangi, wenye vibao vyao wenyewe walivyovichonga usiku, mmoja na ngoma ya msondo begani. Walipanda ngazi za mbele wakiimba, ghorofa baada ya ghorofa, wakichungulia vyumba vyote bila haya. "Mwanapili, hiki chako? Na hiki pia? Wallahi umepata!" Bi Mwatum aliwangoja juu, amesimama wima, kilemba cha kanga kichwani. Mwanapili hakuwahi kumwona mama yake mrefu hivyo.

Chokaa ilimwagwa na kusawazishwa. Mchanganyiko? Baada ya mabishano ya siku tano, nusu ya sakafu ilikuwa ya Bi Mwatum, yenye udongo, na nusu ya Bi Tamima, isiyo na udongo, na mstari ulipigwa katikati kwa mkaa. Wanawake wakapanga safu mbili, wakachuchumaa. Msondo ukalia mara moja. Bi Mwatum akainua kibao chake.

"Mvua imetoka wapi?"

"Makunduchi!"

"Inakwenda wapi?"

"Kiponda!"

"Imekuja kulala!"

"Haina kitanda!"

Na vibao vikashuka vyote pamoja, pa!

Mwanapili alikuwa katika safu ya mbele. Mwanzo mkono ulimwuma, kisha ukafa ganzi, kisha ukawa si wake tena, umekuwa wa ngoma. Pa! Haina kitanda! Pa! Mmoja alipita na ndoo akinyunyiza maji, chokaa ikang'aa, vibao vikarudi. Jua lilipanda. Watu walitoka kwenye sakafu za majirani kutazama. Wengine wakapokea wimbo kutoka huko huko. Mize alitunga mstari juu ya karani na buku lake kubwa, wanawake wakaangua kicheko hata safu ikapotea, na Bi Mwatum akawagombeza kama watoto wa chuoni: "Chokaa haingoji vicheko! Pigeni!"

Adhuhuri Bi Tamima alitokeza kwenye kingazi, ameshikwa mkono na Mcha. Hakuwa amepanda huko tangu mumewe alipofariki. Aliletewa kiti. Alikaa akitazama, na mguu wake, chini ya buibui, ulikuwa ukifuata ngoma. Baada ya kitambo alisema, hakumwambia mtu hasa, "Upande wangu hawaupigi kwa nguvu."

"Basi njoo uupige," akasema Bi Mwatum bila ya kugeuka.

Bi Tamima aliondoka kitini. Alikunja buibui lake, akachuchumaa kwa taabu kando ya Mwanapili, akanyoosha mkono. Mwanapili alimpa kibao chake, akajichukulia kingine. Bi Tamima alichelewa mpigo wa kwanza, akachelewa wa pili. Wa tatu ukaingia pamoja na wenziwe, naye akatoa sauti ndogo, "Hah!" kama mtoto aliyevunja nazi yake ya kwanza.

*

Siku ya pili, alasiri, Mize ndiye aliyeliona wingu.

"Jamani! Tazameni Ng'ambo!"

Wingu jeusi lilikuwa limekaa upande wa Amani, tumbo limeshuka, na chini yake mvua ilionekana wazi kama pazia la kijivu. Chokaa ilikuwa bado mbichi. Ikinyeshewa sasa, kazi yote inakwenda na maji. Mwanapili aliruka. Hakujua alivyoteremka ngazi. Alijikuta chumbani anang'oa mikeka, majamvi, shuka za kitandani. Wanawake walikimbia nyumba nzima. Mcha na Silima walipandisha mabati mawili. Bi Tamima alipiga kelele kutoka chini kwamba wachukue mapazia yake, yote, hata yale ya mahameli. Waliifunika sakafu kila upande, wakaweka mawe pembeni, na mwisho waliokosa cha kuweka walilala wenyewe juu ya mikeka, migongo yao juu, isipeperuke.

Upepo wa mvua ukaja, baridi, wenye harufu ya vumbi lililoroa. Mwanapili, kifudifudi, shavu kwenye jamvi, aliomba dua zote alizozijua na moja aliyoitunga pale pale.

Tone moja lilimwangukia shingoni. La pili likaanguka kwenye bati, ta!

La tatu halikuja.

Waliinua vichwa mmoja mmoja. Pazia la kijivu lilikuwa likipita Ng'ambo, juu ya makuti yale ambayo wengi wao waliyaacha asubuhi, likiondoka kuelekea baharini.

"Inanyesha kwangu!" alipiga kelele mwanamke mmoja. "Nguo zangu zote nimeanika nje!" Na alicheka kwa furaha hata machozi yakamtoka, na wenziwe wote wakacheka naye, na msondo ukaanza kulia tena peke yake kabla ya mtu kuamrisha.

Walimaliza siku ya tatu, baada ya alasiri. Bi Mwatum alitembea sakafu nzima kwa kisigino, gonga, sikiliza. Kila alipogonga ililia sauti moja, kali, kama jiwe.

*

Masika yaliingia mwezi wa Machi, mchana, bila ya hodi. Nyumba nzima ilipanda kwenye chumba cha Mwanapili: Silima na Mize na watoto watano, Mcha aliyekimbia kutoka Darajani amejifunika gunia, Bi Tamima kwenye kiti, Bi Mwatum kwenye ukingo wa kitanda. Watu kumi na mmoja, wote vichwa juu, midomo wazi, wakitazama boriti. Mvua ilikuwa ikipiga huko juu kwa hasira. Boriti zilikuwa kavu.

Robo saa. Nusu saa. Kavu. Mwanapili alihisi moyo wake unataka kutoka nje ukacheze.

Kisha, kwenye pembe ya mbali, karibu na mkondo wa maji, tone likajikusanya. Likavimba. Likaanguka.

"Upande wa nani huo?" aliuliza Bi Mwatum haraka.

"Wako," akasema Bi Tamima. "Wenye udongo."

"Wangu? Mstari ulikuwa huku! Ule wako, wa dirishani!"

"Mkaa ulifutika, lakini mimi nakumbuka..."

"Unakumbuka nini nawe!"

Mwanapili aliweka bakuli moja, dogo, chini ya tone lile. Moja tu, na nyumba nzima kavu! Alimshika Mize mikono, wakazunguka chumba wakicheza, watoto wakawafuata, na Mcha akapiga makofi, huku wazee wawili wakiendelea kugombana kwa sauti iliyoishinda mvua.

Hodi ilibishwa mara tatu kabla ya kusikika. Mlangoni alisimama mtu wa makamo, maji yanamchuruzika, asiyefahamika na mtu.

"Asalamu alaikumu. Mimi naitwa Muhiddin, nakaa nyumba ya pili yake, ile ya mlango wa kijani. Kwetu tumeshahamia chini ya ngazi, sote tisa." Aliitazama dari kavu, kisha nyuso zao. "Nimeambiwa hapa yupo bibi anayejua sakafu."

Bi Tamima akajitengeneza buibui, akakohoa. Bi Mwatum alikuwa ameshasimama, anajifunga kanga.

"Nitafutie mwavuli, Mwanapili," alisema. Kisha akamgeukia yule mtu. "Hii mvua ikikatika, chokaa yako ilazwe mapema. Sakafu yenu ina nyufa ngapi? Na nani kwenu anayetwanga juu?"